Kutengeneza kiunzi cha nyuzi nano: kutoka chembe za PCL hadi seli za siku ya saba

Mwilini, seli za ngozi, mfupa au kano hukaa ndani ya wavu wa nyuzi za kolajeni na protini nyingine, nyuzi ambazo unene wake ni makumi hadi mamia ya nanomita. Seli hiyohiyo ukiikuza juu ya plastiki bapa itaishi, lakini itatanda na kubadilika tabia kwa namna isiyofanana na ilivyokuwa kwenye tishu. Kiunzi cha nyuzi nano kinairudishia seli wavu wa kushikilia, ili ikue, izalishe wavu wake yenyewe, na kiunzi kiyeyuke taratibu.

Mwongozo huu unafuata njia moja tu, kusokota nyuzi kwa umeme, yaani kuvuta nyuzi kutoka kwenye tone la polima (plastiki) iliyoyeyushwa kwa kutumia volti ya juu, na polima moja, polikaprolaktoni (PCL). Tumeichagua kwa sababu inapatikana kirahisi, haiogopi unyevu ikiwa stoo, na hukawia kuoza mwilini, kwa kawaida miaka miwili hadi mitatu. Mwisho wa kazi utakuwa na visahani vyenye kipenyo cha milimita 14 na unene wa mikromita 100 hadi 150, vinavyoingia kwenye sahani ya visima 24, na seli juu yake.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba mashine siyo inayoamua. Anayeanza hushinda akichezea volti, wakati nyuzi mbovu nyingi zimeharibikia kwenye chupa ya myeyusho au kwenye unyevu wa chumba. Ndiyo maana sehemu hizo mbili tumezipa nafasi kubwa kuliko umeme wenyewe.

Vifaa

Unahitaji chanzo cha umeme wa moja kwa moja kinachofika kilovolti 25 au 30, pampu ya sindano, bomba la sindano la mililita 5, sindano butu za geji 21 (tundu lake ni milimita 0.51), bamba la chuma au alumini la kukusanyia nyuzi, na foili ya alumini ya kulifunika. Vyote hivi vikae ndani ya kabati la kuvuta mvuke, pampu ikitengwa kwa bamba nene la akriliki ili umeme usiirukie.

Bomba la sindano liwe la kioo au la polipropilini tupu, lisilo na kizibo cha mpira. Mpira huvimba ukikutana na viyeyushi, bomba hukwama kisha huruka ghafla, na utaona nyuzi nyembamba na nene zikipishana bila sababu. Pima kipenyo cha ndani cha bomba kwa kalipa badala ya kutegemea orodha iliyo kwenye pampu, maana mabomba ya mililita 5 ya watengenezaji tofauti hayalingani. Mtiririko hufuata mraba wa kipenyo: ukikosea kipenyo kwa asilimia 10, mtiririko umekosea kwa asilimia 21.

PCL iwe na uzito wa molekuli wa 80,000 hivi. Angalia lebo kwa makini, kwa sababu inauzwa pia ya 14,000, na hiyo haisokoteki. Minyororo yake ni mifupi mno kusukana, hivyo unapata vitone vilivyorushwa juu ya foili.

Kuandaa myeyusho

Kiyeyushi tunachopendekeza ni mchanganyiko wa asidi ya fomiki na asidi ya asetiki isiyo na maji, kwa uwiano wa 3 kwa 7. Klorofomu inayeyusha PCL vizuri, lakini nyuzi zake mara nyingi hufika mikromita moja au zaidi, mvuke wake una sumu, na masalia yake kwenye kiunzi huua seli. Heksafluoroisopropanoli hutoa nyuzi nzuri sana, ila ni ghali na inaunguza macho na mapafu. Asidi hizi mbili hutoa nyuzi zilizo kwenye mamia machache ya nanomita, na masalia yake hujitangaza yenyewe, kama utakavyoona mbele.

Kwa mililita 20 za kiyeyushi:

1. Mimina mililita 14 za asidi ya asetiki kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kisha ongeza mililita 6 za asidi ya fomiki. Fanya hivyo ndani ya kabati la mvuke, ukiwa na miwani ya maabara. Glavu nyembamba za nitrili hupenywa na asidi hizi ndani ya dakika chache, kwa hiyo tumia za butili, au zivue papo hapo zikimwagikiwa.
2. Pima gramu 3.0 za chembe za PCL, zitie kidogokidogo huku kikorogeo cha sumaku kikizunguka polepole. Ukizimwaga zote kwa pamoja zitashikana na kuwa donge.
3. Funga, koroga saa 3 hadi 4 kwenye joto la chumba. Usipashe moto.
4. Zima kikorogeo na uache myeyusho utulie nusu saa ili mapovu yapande.

Myeyusho ulioiva ni angavu kama maji na mzito kiasi kwamba ukiinamisha chupa unashuka kwa uvivu, ukiacha utando ukutani. Ukiona ukungu, kuna maji yameingia au PCL haijaisha kuyeyuka.

Utumie siku hiyohiyo. Asidi ya fomiki huikata minyororo ya PCL, mnato hushuka saa baada ya saa, na myeyusho uliotoa nyuzi safi leo unaweza kutoa shanga kesho kutwa kwa mipangilio ileile. Andika kwenye chupa saa ulioanza kukoroga, na usokote kila mara baada ya muda uleule, mathalani saa ya tano. Hatua hii ndogo huondoa tofauti nyingi kati ya kundi moja la viunzi na lingine.

Jambo jingine: asidi ya asetiki isiyo na maji huganda ikifika digrii 16.6 za Selsiasi. Ukiikuta imekuwa barafu stoo yenye kiyoyozi kikali haijaharibika. Iache kwenye joto la chumba iyeyuke yote kabla ya kupima.

Unyevu wa hewa

Weka kipimo cha unyevu ndani ya kabati, karibu na sindano, kisiwe ukutani mwa chumba. Lengo ni asilimia 30 hadi 45, joto digrii 22 hadi 25.

Asidi hizi mbili hunywa maji kutoka hewani, na maji hayayeyushi PCL. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, tone linaanza kuganda likiwa bado mdomoni mwa sindano, linaziba, na mkondo unakatikakatika. Huku nyuma asidi haikauki vya kutosha njiani, nyuzi zinafika kwenye foili zikiwa mbichi na kugandana penye makutano. Kwa maabara za Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako unyevu wa nje hupita asilimia 70 kwa muda mrefu wa mwaka, kiyoyozi peke yake mara nyingi hakitoshi. Jengea sindano na bamba sanduku la akriliki lenye milango, weka ndani yake trei mbili za silika jeli iliyokaushwa ovenini, na uwashe kikausha-hewa chumbani saa moja kabla. Feni ya kabati ikivuta kwa nguvu zote inaingiza hewa mbichi ya chumba na kutikisa nyuzi. Ipunguze wakati wa kusokota hadi kiwango salama kinachoruhusiwa na kabati lako, usiizime.

Unyevu ukishuka mno, chini ya asilimia 20, tone hukauka haraka na chaji hukaa juu ya utando bila kutoweka, kisha nyuzi mpya zinasukumwa pembeni. Hali hii hutokea zaidi nyanda za juu wakati wa kiangazi.

Kusokota

Funga waya wa volti ya juu kwenye sindano na waya wa erthi kwenye bamba. Erthi iwe ya kweli, iliyopimwa. Soketi yenye matundu matatu siyo ushahidi. Umbali kutoka ncha hadi bamba uwe sentimita 13, mtiririko mililita 0.5 kwa saa.

Anza na pampu. Subiri tone lionekane mdomoni, lipanguse kwa kitambaa, kisha funga sanduku na upandishe volti taratibu kuanzia kilovolti 8. Tone litarefuka, litachongoka kuwa koni, na kutoka kwenye kilele chake utachomoka mkondo mwembamba. Umbo hilo huitwa koni ya Taylor, kwa jina la Geoffrey Taylor, mwanafizikia Mwingereza aliyelichambua kihesabu mwaka 1964. Mkondo huenda moja kwa moja sentimita chache, kisha unaanza kuyumba na kujizungusha kwa kasi, na ni katika kuyumba huko ndipo unaponyooshwa hadi kufikia nano. Kwa myeyusho huu koni hutulia kati ya kilovolti 14 na 18. Ikitulia, acha volti hapo.

Koni ndiyo kipimo chako. Weka taa ndogo upande mmoja na karatasi nyeusi upande wa pili, uione vizuri. Tone likining'inia na kudondoka, myeyusho unaletwa kwa kasi kuliko unavyovutwa: punguza mtiririko kabla ya kuongeza volti. Koni ikiingia ndani ya sindano na mikondo miwili au mitatu ikatoka kwa pamoja, volti imezidi.

Dakika tano za kwanza kusanya kwenye kipande cha kioo cha hadubini, ukitazame chini ya hadubini ya kawaida kwa ukuzaji wa mara 400. Unene wa nano hutaupima hapo, lakini shanga na matone utayaona, na utakuwa umeokoa saa sita za kazi.

Muda wa kusokota unakadirika. Kwa saa 6 unatumia mililita 3, zenye PCL ya gramu 0.4 hivi. Zikitandazwa kwenye sentimita za mraba 150, ni miligramu 2.7 kwa kila sentimita ya mraba, na kwa utando wenye uwazi (sehemu ya ujazo iliyo tupu) wa asilimia 85 huo ni unene wa mikromita 150 hivi. Utapata pungufu kidogo, kwa sababu sehemu ya nyuzi huangukia pembeni, na katikati ya bamba panakuwa panene kuliko kingo. Sogeza sindano kushoto na kulia kila nusu saa, baada ya kuzima umeme, au tumia silinda inayozunguka polepole.

Kuhusu usalama: chanzo cha volti ya juu hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa. Zima, hesabu dakika moja, gusa sindano kwa fimbo ya erthi yenye mpini wa plastiki, ndipo uingize mkono. Umeme wa gridi ukikatika katikati ya kazi, zima swichi zote papo hapo, ili usirudi ukakuta vidole vyako mdomoni mwa sindano. Ukiwa na UPS (betri ya akiba), pampu na chanzo cha volti viunganishwe pamoja. Pampu ikiendelea peke yake itadondoshea asidi juu ya utando.

Nyuzi zilizolala upande mmoja, zinazohitajika kwa kano na neva, hupatikana kwa silinda inayozunguka kwa kasi. Hesabu kasi ya uso wake, usitaje mizunguko tu. Silinda ya kipenyo cha sentimita 10 kwa mizunguko 2,000 kwa dakika ina kasi ya mita 10.5 kwa sekunde, na ni kwenye kasi za namna hiyo ndipo mpangilio unapoanza kuonekana wazi.

Nyuzi zikitoka mbovu

Shanga kwenye nyuzi: mnato ni mdogo, mvutano wa uso unaushinda mnyoosho wa umeme, kimiminika kinajikusanya kuwa matone kabla ya kukauka. Ongeza PCL kwa gramu 0.2 hadi 0.4 kwa mililita 20. Kama jana kiasi hichohicho hakikutoa shanga, myeyusho umezeeka.

Nyuzi zilizogandana au bapa kama utepe: zimefika mbichi. Angalia unyevu kwanza, kisha punguza mtiririko, kisha ongeza umbali sentimita mbili. Badilisha kimoja kwa wakati mmoja.

Sindano kuziba kila dakika kumi: mnato umezidi au hewa haiko sawa. Kupangusa ncha kila mara kunaficha tatizo tu.

Nyuzi kurukia pampu au mkono wako: erthi ya bamba imelegea.

Kukausha na kupima

Weka foili na utando wake kwenye chombo cha utupu saa 48 kwenye joto la chumba. Kisha unusa: harufu ya siki ikiwepo, haujakauka. Kwa uhakika zaidi, chukua kisahani kimoja, kiloweshe kwanza kwa ethanoli na ukisuuze haraka, kisha kiloweke saa 24 kwenye midia (kimiminika cha kukuzia seli) yenye fenoli nyekundu, rangi inayoonyesha asidi, kwa digrii 37. Midia ikigeuka kutoka wekundu kwenda njano wakati hakuna seli, asidi bado ipo. Rudisha kwenye utupu.

Utando hubanduka kwa urahisi foili ikiloweshwa ethanoli kidogo. Kata visahani kwa patasi ya duara ya milimita 14, juu ya mpira mgumu, kwa pigo moja. Patasi butu hubana kingo na kuzifanya plastiki isiyopitisha maji.

Kwa hadubini ya elektroni, paka dhahabu nyembamba na utumie kilovolti 5 au chini. PCL huyeyuka kwenye digrii 60, na mwale mkali utazikunja nyuzi mbele ya macho yako. Pima nyuzi zisizopungua 100 kwa programu ya ImageJ, kutoka picha za sehemu tatu tofauti za utando, na utaje wastani pamoja na mtawanyiko wake.

Uwazi hupatikana kwa mizani. Kipande cha sentimita 2 kwa 2 chenye unene wa mikromita 100 kina ujazo wa sentimita za ujazo 0.04. Kikiwa na miligramu 6, densiti yake ni gramu 0.15 kwa sentimita ya ujazo. Gawanya kwa densiti ya PCL, 1.145, utoe kwenye moja: asilimia 87. Kifaa cha mikromita, kinachobana kwa skrubu, hukandamiza utando na kukupa namba ndogo ya uongo. Laza utando kati ya vioo viwili vya hadubini, pima vyote, kisha utoe unene wa vioo.

Kulowesha na kuua vijidudu

Nyuzi za PCL zinachukia maji. Tone la midia hukaa juu ya utando mkavu kama shanga, na seli zilizo ndani yake haziwezi kushika. Autokilevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa moto, haifai, kwa sababu digrii 121 zitakurudishia bonge la plastiki. Kwa kazi ya maabara, ethanoli inafanya mawili kwa pamoja:

1. Zamisha visahani kwenye ethanoli ya asilimia 70, dakika 30, mara mbili, kwenye kabati la usalama wa kibayolojia. Utando mweupe utageuka kuwa wa kupitisha mwanga kiasi. Alama nyeupe zinazobaki ni hewa; zisukume nje kwa koleo.
2. Suuza kwa bafa ya fosfati tasa mara tatu, dakika 10 kila mara. Kuanzia hapa kisahani kisikauke tena, hata kidogo, kwani hewa ikirudi ndani unaanza upya.
3. Loweka usiku mzima kwenye midia yenye seramu asilimia 10, digrii 37, ili protini zishike kwenye nyuzi.

Ethanoli haiui vijimbegu vya bakteria. Kiunzi cha kupandikiza ndani ya mnyama kinahitaji oksaidi ya ethilini au miale ya gama, pamoja na kibali cha kamati ya maadili. Kwa binadamu, kiunzi cha maabara kama hiki hakiwekwi, hata juu ya kidonda kidogo.

Seli zikikataa kushika bado, tibu utando kwa hidroksidi ya sodiamu ya mola 1 kwa dakika 30 kabla ya hatua ya kwanza, kisha suuza hadi pH irudi kuwa ya kawaida. Ukipitiliza, nyuzi hukatika. Njia nyingine ni kubadilisha asilimia 30 ya PCL kwa jelatini, ambayo inayeyuka kwenye asidi zilezile, lakini jelatini isipofungwa kwa EDC na NHS, kemikali za kuunganisha minyororo yake, itatoka yote kwenye midia ya vuguvugu.

Kupanda seli na kuzihesabu

Bana kila kisahani chini ya kisima kwa pete ya chuma cha pua au ya silikoni iliyotasishwa. Kisahani kinachoelea hutoa matokeo yasiyo na maana.

Nyonya midia yote, kisha dondosha katikati mikrolita 40 zenye seli milioni 1 kwa mililita, yaani seli 40,000. Jaza maji tasa kwenye visima vitupu vya jirani ili tone lisikauke. Rudisha kwenye inkubeta saa 2, kisha ongeza mililita 0.8 za midia kwa upole kupitia ukutani mwa kisima.

Baada ya saa 24 hamishia visahani kwenye sahani mpya. Hatua hii isirukwe. Seli zilizoteleza zikashika plastiki ya kisima hukua kwa kasi, na usipohama utakuwa ukipima plastiki huku ukisifia kiunzi.

Pima siku ya 1, 3 na 7 kwa resazurini, rangi ambayo seli hai huigeuza ing'ae, ya asilimia 10 ndani ya midia, saa 3, ukisoma mng'ao kwa nanomita 560 (mwanga unaoingia) na 590 (unaotoka). Haiui seli, kwa hiyo kisahani kilekile hupimwa tena. Kila mara weka kisahani kisicho na seli, kwa sababu utando unaweza kunywa rangi. Kwa kipimo cha sumu, fuata kiwango cha kimataifa ISO 10993-5: loweka sentimita za mraba 6 za utando kwa kila mililita ya midia, digrii 37, saa 24, kisha ulishe seli midia hiyo. Uhai ukishuka chini ya asilimia 70, kiunzi kinahesabiwa kuwa na sumu, na katika njia hii mshukiwa wa kwanza ni asidi iliyobaki.

Siku ya saba, ukikata kisahani upande na kupaka rangi ya viini, kuna uwezekano mkubwa utakuta seli zote juu, chini hakuna kitu. Namba za resazurini zitakuwa nzuri, ila tishu haijajengwa. Uwazi wa asilimia 87 hausemi lolote kuhusu ukubwa wa matundu, na nyuzi za nanomita 300 hutengeneza matundu madogo kuliko kiini cha seli. Kwa safu ya juu ya ngozi hilo halina tatizo. Kwa tishu nene, sokota kwa sindano mbili kwa pamoja kwenye silinda moja: ya kwanza PCL, ya pili polietilini oksaidi, ambayo huyeyuka majini. Ukishaosha, nyuzi za pili hutoweka na kuacha njia. Anza na nusu kwa nusu. Polietilini oksaidi ikizidi, utando hujibana ukikauka na njia hufungwa tena, kwa hiyo uoshe ndani ya ethanoli ya asilimia 70 na uendelee moja kwa moja hadi kwenye midia bila kuukausha.

Visahani vya akiba hukaa miezi kadhaa kwenye mfuko wa foili wenye silika jeli, mahali pa baridi na giza. Ukivisafirisha, viwe kwenye kisanduku chenye jeli ya baridi, maana gari lililoegeshwa juani linaweza kukaribia digrii 60.